Sabuni ya maji ya kunawia: usirudi kwenye kipande, badilisha unachoweka kwenye chupa

Swali limetoka kwa dada mmoja mwenye mgahawa wa meza sita Mbagala, Dar es Salaam. Anasema mwanzo alikuwa anaweka kipande cha sabuni pembeni ya ndoo ya koki wanaponawia wateja, lakini maji ya kisima chake yana chumvi, kipande hakitoi povu, afu wateja wengine hawataki hata kukishika. Akahamia sabuni ya maji, ile ya dumu la lita 5 inayopitishwa mtaani, anaijaza kwenye chupa ya maji ya dukani aliyoitoboa kifuniko kwa msumari wa moto, na anaongeza maji ili iende mbali. Sasa wasichana wake wawili wa jikoni mikono inakauka na kupasuka, na chupa yenyewe imeanza kutoa harufu. Anauliza: arudi kwenye kipande? Sabuni ya maji ina faida gani hasa? Na ile iliyoandikwa inaua bakteria ndo anunue?

Dada yangu, kwanza nakupa pole na hao wasichana pia, maana mikono iliyopasuka afu ukamue ndimu au ushike pilipili, hayo maumivu sio ya kuhadithiwa. Jibu la haraka ni hili: kwenye kipande usirudi, kwa maji yako hayo utateseka bure. Ila ulichonacho kwenye hiyo chupa sio sabuni ya mikono, ni sabuni ya vyombo iliyochanganywa na maji ya kisima, na matatizo yako yote mawili, mikono na harufu, yameanzia hapo. Nina miaka mingi kwenye kemia ya sabuni na kwenye kufundisha vikundi vya akina mama kutengeneza, na hili kosa nalikuta karibu kila ninapokwenda, kwa hiyo ngoja nikueleze taratibu.

Anza na kitu unachokiona kila siku hapo kwako. Mteja amemaliza samaki wa kukaanga, mwagie maji matupu mkononi. Maji yanakimbia juu ya mafuta kama yanavyokimbia kwenye jani la mgomba, yanaacha vitone vitone na vidole bado vinateleza. Sasa weka tone la sabuni asugue. Ule utando wa mafuta unageuka mweupe kama tui jepesi, na ukimwaga maji unaondoka wote. Kilichofanyika ni kwamba kila kachembe ka sabuni kana ncha mbili, moja inapenda maji, nyingine inapenda mafuta. Zile zinazopenda mafuta zinajichomeka kwenye uchafu, zinazopenda maji zinabaki nje, mafuta yanavunjika vipande vidogo vidogo yanafungwa katikati, maji yanavizoa. Na vijidudu vya mkononi vingi vimekaa humo humo kwenye mafuta na jasho, kwa hiyo vinaondoka navyo. Virusi wenye ganda la mafuta kama wa korona, sabuni inalipasua hilo ganda lenyewe. Wale wasio nalo, kama rota na noro wanaoharisha watu, hao hawapasuki kirahisi, wanang'olewa kwa kusugua na kusuuza, ndo maana muda wa kusugua una maana kubwa kuliko jina lililo kwenye chupa.

Sasa kwa nini kipande kinakugomea. Sabuni ya kipande, iwe ya kuogea au ya mche, ni mafuta yaliyopikwa na kostiki soda. Ikikutana na maji yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, yale tunayoita maji ya chumvi au maji magumu, inaungana na hayo madini inakuwa kitu kama utando mweupe unaonata, ule unaouona umeganda kwenye beseni. Yaani sabuni yako inaliwa na maji kabla haijafika kwenye uchafu. Sabuni nyingi za maji za siku hizi hazijatengenezwa hivyo, zina viungo vya kiwandani kama slesi ambavyo hayo madini hayavisumbui sana, zinatoa povu hata kwenye maji ya kisima. Kwa mtu wa Mbagala mwenye kisima cha chumvi naona hii ndo faida namba moja ya sabuni ya maji na huwa sisikii watu wakiitaja. Angalizo dogo tu: kuna sabuni ya maji ya mafuta halisi, mfano mafuta ya nazi yaliyopikwa na potasi badala ya kostiki soda, ni nzuri na ina watu wake, lakini hiyo nayo kwenye maji yako itaganda vile vile kama kipande.

Tuje kwenye dumu lako. Soma lebo yake, kama ina lebo. Mara nyingi imeandikwa inafaa kwa vyombo, nguo, sakafu, masinki, magari, na mwisho kabisa wanaongeza mikono. Hiyo ni sabuni ya matumizi yote, na nguvu yake kubwa inatoka kwenye salfoniki. Salfoniki ni asidi kali, mtengenezaji anatakiwa aipoze kwa soda ashi au kostiki soda mpaka itulie. Akizidisha soda unapata sabuni inayounguza, akipunguza inabaki na ukali wa asidi, na mtengenezaji anayepima kwa macho na kuonja povu kwa vidole hawezi kujua yuko upande upi. Hata ikitulia vizuri, kazi yake ni kukata mafuta ya sufuria la pilau, sasa ukimpa mtu anawe nayo mara ishirini kwa siku inakata na mafuta ya ngozi yake. Ngozi yetu kwa asili ina uasidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi, 7 ni katikati, chini ya hapo ni asidi, juu ni ukali wa magadi) iko kama 5 hivi, na ina mafuta yake yanayoziba nyufa. Kipande cha kawaida kina pH ya 9 mpaka 10. Sabuni ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mikono huwa inawekwa kwenye 5.5 mpaka 7, inatumia slesi kwa kiasi pamoja na kiungo laini kinachoitwa betaini kinachopunguza ukali, na inaongezwa glisalini ambayo inashika unyevu kwenye ngozi. Hapo ndo tofauti ilipo, rangi na harufu ya strawberi hazihusiki.

Na usije ukadanganyika na uzito. Najua sokoni mtu anainamisha chupa, akiona sabuni inashuka pole pole kama asali anasema hii ndo yenyewe. Dada, uzito ule ni chumvi! Chumvi ya kawaida ya mezani. Ukiwa na sabuni ya slesi iliyo nyepesi weka kwenye glasi, tia chumvi nusu kijiko cha chai iliyoyeyushwa, koroga, utaiona inanenepa mbele ya macho yako mpaka mwiko unasimama. Endelea kuongeza na itafika mahali inageuka tena maji, na hairudi mpaka uongeze sabuni nyingine. Wanavikundi wangu wakiona hilo jaribio mara ya kwanza huwa wananyamaza kabisa, kwa sababu wamekuwa wanauza uzito miaka yote wakijua wanauza nguvu. Povu nalo vivyo hivyo, povu jingi linapendeza mkononi ila halikuambii usafi umefika wapi.

Haya, harufu. Hapa nisikilize vizuri maana hili linahusu wateja wako wote na sio wasichana wawili tu. Watu wengi wanaamini sabuni haiwezi kuchafuka kwa sababu ni sabuni. Inachafuka. Sabuni ya maji sehemu kubwa ni maji, na kinachozuia bakteria wasiote humo ni kihifadhi, kiungo kinachowekwa kidogo sana kwa kipimo cha ile sabuni kama ilivyo. Ukiongeza maji nusu kwa nusu, kihifadhi nacho kinakuwa nusu, na hayo maji ya kisima yenyewe yameingia na bakteria wake, wale wapenda majimaji akina sudomonasi ambao wanaishi raha mstarehe humo ndani. Afu chupa ikikaribia kuisha unamimina mpya juu ya ya zamani, kwa hiyo wale waliokwishaota wanapata makazi mapya kila wiki. Niliwahi kuingia kantini moja nikaomba kufungua chupa yao, ndani ya shingo pale kulikuwa na utelezi wa kijivu kama ule wa ndani ya bomba la sinki, na watu walikuwa wananawia hiyo wakienda kula. Kuna utafiti ulifanyika kwenye shule ya msingi huko Marekani ukachapishwa 2011, shule ilikuwa na vyombo vya sabuni vya kujazia juu ambavyo vilikuwa vimechafuka, wakapima mikono ya wanafunzi na wafanyakazi kabla na baada ya kunawa: bakteria wa aina hiyo waliongezeka mara 26 baada ya kunawa. Walipowekewa sabuni ya mfuko uliofungwa, ambao ukiisha unatoa wote unaweka mwingine, wakapungua. Wataalamu wa kuzuia maambukizi hospitalini siku nyingi wamekataza kuongezea sabuni kwenye chombo ambacho hakijaisha, na sababu ndo hiyo.

Kwa hiyo kanuni ya chupa ni kwamba iishe kabisa, ioshwe kwa maji ya moto, isuuzwe, ikaushwe kichwa chini mpaka ndani pasiwe na tone, ndo ujaze tena. Nunua mbili, moja ikifanya kazi nyingine inakauka. Na isiwe chupa ya maji ya kunywa, tafadhali sana. Mtoto anaijua chupa ya maji ni ya maji, akiikuta ina kitu chekundu chenye harufu ya tunda anakunywa, na kwenye mgahawa watoto hawakosekani. Ikitokea amekunywa usimtapishe, mpeleke kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe.

Nunua chupa ya pampu. Ujue hii pampu ndo iliyoipa sabuni ya maji soko lake. Sabuni ya maji sio kitu cha juzi, William Shepphard wa New York alipata hataza yake tangu 1865, lakini kwa zaidi ya miaka mia ilibaki zaidi kwenye vyoo vya umma na maofisini, majumbani watu waliendelea na kipande. Ilipofika 1980 Robert Taylor, mwenye kampuni ndogo ya Minnetonka huko Minnesota, akaitoa Softsoap kwenye chupa ya pampu, na kwa kuwa aliogopa makampuni makubwa yatamuiga akaagiza pampu kama milioni 100 kwa wakati mmoja ili watengenezaji wasiwe na za kuwauzia wenzake. Alielewa kitu ambacho wateja wako wanakielewa pia, kwamba mtu anataka sabuni ambayo hakuna mwingine ameigusa. Pampu ukiibonya mara moja inatoa kama mililita 2 au pungufu. Piga hesabu na dumu la lita 5: ni manawio 2,500. Chupa yako ya kutoboa mteja anaikamua anavyotaka, inamwagika nusu chini, ndo maana unaona sabuni haikai unaamua kuongeza maji. Kwa hiyo pampu inakuokolea hela kuliko maji, na haikuharibii sabuni.

Nikiwa mkweli, kipande nacho kimesingiziwa sana. Hofu ya kwamba kipande kinaambukiza haina nguvu hivyo, walishapaka bakteria kwenye vipande makusudi wakanawisha watu na hawakuwakuta mikononi mwao kwa kiasi cha kutisha. Nyumbani kwangu bafuni nina kipande. Kikikaa kwenye kisahani chenye matundu kikakauka hakina shida. Lakini kwenye mgahawa, watu mia wanashika kipande kimoja kinachoelea kwenye maji machafu ya beseni, na mtu akikiangalia tu anaamua kutonawa, hapo kimeshashindwa kazi hata kama kemia yake ni nzuri. Sabuni inayowafanya watu wanawe ndo sabuni.

Kuhusu ile ya kuua bakteria, usiongeze hela kwa ajili ya hilo neno. Septemba 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipiga marufuku viambato 19 kwenye sabuni za aina hiyo za kununua dukani, wakiwemo triklosani na triklokabani waliokuwa maarufu kuliko wote, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba zinaizidi sabuni ya kawaida na maji, na kwamba ni salama kuzitumia kila siku kwa miaka. Hospitali wana mahitaji yao, hilo ni jambo jingine. Wewe unahitaji sabuni ya kawaida iliyotengenezwa vizuri na watu wanaosugua. Sugua sekunde 20, viganjani, mgongo wa mkono, katikati ya vidole, vidole gumba, na kucha kwa sababu tunakula kwa mkono na ugali unaingia kwenye kucha, ukijumlisha na kulowesha, kusuuza na kukausha unafika kama dakika moja. Maji ya baridi yanatosha. Na hicho kitaulo kimoja kinachoning'inia kwa ajili ya wote kitoe leo, mkono uliolowa unabeba vijidudu kirahisi kuliko mkavu, afu kitaulo kinawagawia. Weka tishu, au waache wapunge mikono ikaukie hewani.

Haya mambo yanaonekana madogo lakini sisi tunayajua. Kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia hapa hapa Dar, na ndoo za koki zilizojaa mitaani 2020 wakati wa korona nyingi leo zinahifadhia mchele. Tafiti zilizokusanywa pamoja kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha kuhimiza watu kunawa kwa sabuni kunapunguza kuhara kwa karibu theluthi moja. Theluthi moja, kwa ndoo na chupa ya pampu! Sijui dawa gani dukani inafanya hivyo kwa bei hiyo.

Ukienda kununua nyingine, angalia imeandikwa ya kunawia mikono, iwe na orodha ya viambato, namba ya toleo, tarehe ya kuisha na alama ya TBS, shirika la viwango Tanzania. Kama unapenda kumuunga mkono mtengenezaji mdogo, na mimi napenda ufanye hivyo, muulize maswali mawili: anapima pH kwa kutumia kitu gani, na anaweka kihifadhi gani. Akikuonyesha karatasi za kupimia, mnunulie. Akikujibu anaweka fomalini, yaani maji yenye gesi ya formaldehaidi, ondoka. Wengi wanaiweka kwa sababu ni rahisi na sabuni inakaa muda mrefu bila kuharibika, lakini Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kwenye kundi la vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 2004, na mwenye kuumia kwanza ni huyo mtengenezaji anayeivuta puani kila siku, mwambie kwa upole. Na wewe mwenyewe nunua pakiti ya hizo karatasi, zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya maabara. Chovya, subiri, linganisha rangi. Ikisoma 9 au 10 usiiweke kwa wateja, peleka kwenye masufuria.

Nimalizie na wasichana, maana hao ndo wamenifanya nijibu kwa urefu hivi. Mikono yao haijaharibiwa na kunawa peke yake, wanaosha vyombo kutwa kwenye hiyo hiyo salfoniki mikono mitupu. Wanunulie glavu za mpira za kuoshea vyombo, kila mtu zake. Wanawe kwa sabuni ya mikono na wasuuze vizuri, sabuni iliyobaki chini ya pete au katikati ya vidole inaendelea kula ngozi. Wakimaliza kazi usiku wapake mafuta mgando mazito mikono ikiwa bado na unyevunyevu, wakipata soksi nyepesi za pamba wavae mikononi walale nazo. Mwenye mpasuko unaotoa majimaji au usaha asishike chakula mpaka apone, hata plasta peke yake haitoshi, kwa sababu kwenye vidonda hivyo anakaa bakteria aitwaye stafilokokasi, anayeacha sumu kwenye chakula na sumu yake haiondoki hata ukichemsha tena. Mpe kazi ya kupokea hela kwa hizo siku, usimkate mshahara. Wiki mbili zikipita hakuna nafuu, au ikianza kuwasha na kutoa vipele, mpeleke kwa daktari wa ngozi amuangalie kama ana mzio wa pafyumu au wa kiambato fulani, na abebe ile lebo ya dumu.

Hiyo iliyobaki kwenye chupa leo imwage, usiionee huruma. Iliyobaki kwenye dumu ambayo hujaitia maji ni nzima, osheeni masufuria kwa glavu mpaka iishe.